Sekunde Kumi na Nane: Msongamano wa Darasa na Mtoto Anayejifunza Kusoma

Kipindi cha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Tanzania ni dakika 30. Darasa likiwa na watoto 100, na mwalimu akaamua kumsikiliza kila mmoja akisoma peke yake, asipoteze muda kuita majina wala kumtuliza anayelia, kila mtoto ataambulia sekunde 18. Wakiwa 45, idadi ambayo Serikali imeiweka kuwa kiwango cha darasa la msingi, kila mmoja atapata sekunde 40. Wakiwa 25 watapata dakika moja na sekunde 12.

Hesabu hiyo nyepesi imebeba ugomvi mzima wa kitaaluma kuhusu ukubwa wa darasa. Ukiisoma kwa haraka, inakuambia kwamba msongamano unamnyima mtoto sikio la mwalimu. Ukiirudia polepole, inakuambia pia kwamba kulipunguza darasa kutoka watoto 100 hadi 50 kumemwongezea kila mtoto sekunde 18 tu, tena kwa sharti kwamba mwalimu ameamua kusikiliza. Akiendelea kusimama mbele ya ubao akitamka "ba, be, bi, bo, bu" na darasa zima likimwitikia, sauti yake inawafikia 100 kama inavyowafikia 50, na mtoto asiyejua kusoma anaendelea kujificha ndani ya kwaya.

Ninachodai katika makala haya ni kwamba darasa dogo humpa mwalimu nafasi ya kumwona mtoto mmoja, na faida yake hutegemea nafasi hiyo inavyotumika. Kwa Tanzania, na kwa kiasi kikubwa Kenya, nafasi hiyo inahitajika zaidi darasa la kwanza na la pili, mahali ambapo shule zetu huitoa kwa uchache kuliko kwingine kote. Tukipunguza wastani wa taifa bila kugusa mgawanyo huo, tutatumia fedha nyingi na kuona mabadiliko haba.

Kwanza inabidi tutenganishe vitu viwili ambavyo taarifa zetu huvichanganya. Uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi hupatikana kwa kugawa idadi ya wanafunzi wa shule kwa idadi ya walimu wake. Ukubwa wa darasa ni idadi ya watoto waliomo ndani ya chumba kimoja, mbele ya mwalimu mmoja, saa hiyo. Tuseme shule ina wanafunzi 1,000, walimu 20 na vyumba 10. Uwiano wake ni 1:50, na ukiandikwa kwenye ripoti ya halmashauri unakaribia kiwango. Lakini vyumba ni 10, kwa hiyo kila chumba kina wastani wa watoto 100, na wakati wowote walimu 10 wako darasani na 10 wako ofisini wakisahihisha, wakiandaa masomo au wakisubiri zamu zao. Halafu hata hao 100 ni wastani. Shuleni mambo hayaendi kwa wastani: darasa la saba hugawanywa mikondo miwili au mitatu kwa sababu ya mtihani, na darasa la kwanza hukusanywa katika chumba kimoja kwa sababu "hao bado wadogo, hawajui kitu."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi, kutoka kwa walimu wazuri wanaoipenda kazi yao. Ndani yake kuna mantiki iliyogeuka juu chini, nami nitairudia mbele.

Msongamano wetu ulizaliwa na jambo jema, na mjadala wowote unaosahau hilo hauwatendei haki watoto. Azimio la Musoma la 1974 liliitaka Tanzania ifikie elimu ya msingi kwa wote (UPE), na ilipofika 1977 utekelezaji ulikuwa umeshika kasi. Walimu wa UPE, wengi wao wahitimu wa darasa la saba, waliandaliwa kwa haraka kuujaza upungufu. Ugumu wa uchumi ulirudisha ada, na idadi ya watoto shuleni ikashuka. Ada hizo zilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Kenya ilifuta karo Januari 2003, na ndani ya mwaka huo wanafunzi wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na miaka zaidi ya 80, aliingia darasa la kwanza mwaka uliofuata. Tanzania ilifanya hivyo tena kupitia Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na Januari 2016 walioandikishwa darasa la kwanza walifika takriban milioni 2. Mtoto anayekaa sakafuni leo kwa kukosa dawati angekuwa nyumbani, au nyuma ya ng'ombe, kama milango isingefunguliwa. Hakuna mtafiti mwenye haki ya kulipunguza darasa kwa kumrudisha huyo nje.

Lakini kila wimbi liliingia kupitia mlango mmoja, yaani darasa la kwanza, na kila mara majengo na walimu vilifuata kwa miaka kadhaa nyuma yake. Chini ya MMEM mafunzo ya ualimu yalifupishwa yakawa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja wa mazoezi shuleni ili walimu wapatikane upesi. Fedha za UVIKO-19 zilipokuja mwaka 2021, Serikali ilijenga madarasa 15,000. Kati ya hayo 12,000 yalikuwa ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya msingi. Sekondari zilihitaji vyumba hivyo, kwa kuwa watoto wa wimbi la 2016 walikuwa wanakaribia kuzifikia. Ni kweli pia kwamba kwa miaka mitano kabla ya hapo watoto haohao walikuwa wamebanana kwenye vyumba ambavyo walipaswa kujifunzia kusoma.

Utafiti unasema nini? Jaribio linalotajwa kuliko yote ni lile la jimbo la Tennessee, Marekani, lililoanza 1985 na kuitwa STAR. Watoto wapatao 11,600 katika shule 79 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine madarasa ya kawaida ya 22 hadi 25, na wengine madarasa ya kawaida yenye mwalimu msaidizi. Waliowekwa kwenye madarasa madogo walifanya vizuri zaidi kusoma na kuhesabu. Mwanauchumi Alan Krueger alipozichambua upya takwimu hizo mwaka 1999 alionyesha kwamba sehemu kubwa ya faida ilipatikana katika mwaka wa kwanza ambao mtoto aliingia darasa dogo, na kwamba watoto weusi na watoto wa kaya maskini walinufaika zaidi. Mwalimu msaidizi hakuleta tofauti ya maana.

Wanaharakati wetu hulitaja jaribio hili kama ushahidi uliomaliza kesi. Nawaelewa, lakini darasa "kubwa" la Tennessee lilikuwa na watoto 25, na hilo kwa mwalimu wa Temeke au Geita ni ndoto. Jaribio lililofanyika pale haliwezi kutuambia nini hutokea kati ya 120 na 60. Linachotuambia ni mambo mawili madogo yenye uzito: kwamba faida hupatikana mapema, katika miaka ya mwanzo, na kwamba mnufaika mkuu ni mtoto ambaye nyumbani hana wa kumsomea.

California ililisoma jaribio hilo ikakurupuka. Kuanzia 1996 jimbo zima lilishusha madarasa ya mwanzo hadi watoto 20. Maelfu ya walimu walihitajika kwa ghafla. Shule za vitongoji vyenye uwezo ziliwavuta walimu wazoefu kutoka shule za maskini, na shule za maskini zikajaza nafasi kwa watu wasio na sifa. Sehemu ya faida ya darasa dogo ilimezwa na hasara ya kumpoteza mwalimu mzoefu. Anayekumbuka walimu wa UPE hahitaji kuelezwa zaidi.

Karibu na kwetu kuna ushahidi wa Afrika Kusini ambao nauona mzito. Wanauchumi Anne Case na Angus Deaton walichunguza shule za Waafrika zilivyokuwa wakati wa ubaguzi wa rangi. Wazazi weusi hawakuwa na uhuru wa kuchagua pa kuishi wala sauti katika bajeti ya shule, kwa hiyo tofauti za msongamano kati ya eneo na eneo hazikutokana na wazazi wenye bidii kukimbilia shule nzuri. Walikuta kwamba pale ambapo wanafunzi kwa mwalimu walikuwa wengi zaidi, watoto waliandikishwa kwa uchache, walipanda madarasa kwa taabu na walipata alama za chini katika jaribio la hesabu. Msongamano unaumiza. Hilo sioni sababu ya kulibishia.

Kenya ndiyo inayotatiza hadithi, na hapa inafaa tukae kidogo.

Mwaka 2005 na 2006, katika wilaya za Bungoma na Butere-Mumias, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia mpango ulioziwezesha kamati za wazazi katika shule 140 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kumwajiri mwalimu mmoja wa ziada wa mkataba, kwa karibu robo ya mshahara wa mwalimu wa Serikali. Darasa la kwanza liligawanywa, na wastani ukashuka kutoka watoto 82 hadi 44. Kwa lugha yetu, darasa lililofurika lilifikishwa kwenye kiwango cha Serikali kwa mkupuo mmoja. Waziri yeyote angekata utepe.

Watoto waliobaki na mwalimu wao wa zamani, sasa wakiwa 44, hawakuonyesha maendeleo yanayoweza kupimika. Waliopelekwa kwa mwalimu wa mkataba, nao wakiwa idadi ileile, waliongeza alama. Watafiti walipochimba sababu walikuta kwamba walimu wa mkataba walikuwa darasani mara nyingi zaidi, na kwamba walimu wa Serikali katika shule zilizopata mwalimu wa ziada walipunguza juhudi. Mzigo ulipopungua, nao wakapungua. Theluthi moja ya nafasi za mkataba zilikwenda kwa ndugu wa walimu waliokuwapo. Na pale ambapo kamati za wazazi zilipewa mafunzo ya kusimamia, mambo hayo mawili yalipungua: ndugu wachache waliajiriwa na walimu wa Serikali wakaingia darasani zaidi.

Matokeo haya yametumiwa vibaya pande zote. Wapo waliohitimisha kwamba ukubwa wa darasa hauna maana, wakapata kisingizio cha kutoajiri. Wengine wakahitimisha kwamba dawa ni mikataba ya bei nafuu. Kenya ilipojaribu kuueneza mpango wa walimu wa mkataba, utafiti wa Tessa Bold na wenzake ulionyesha kwamba uliposimamiwa na shirika lisilo la kiserikali ulifanya kazi, na uliposimamiwa na Serikali haukuzaa kitu. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Mwalimu aliyezoea watoto 82 ana mbinu za watoto 82: kuandika ubaoni, kuimbisha, kunakilisha. Mbinu hizo zilimsaidia kuokoka. Ukimpa 44 kesho asubuhi bila kumwonyesha la kufanya na nafasi iliyopatikana, ataendelea na alichokizoea, naye hana wa kumuuliza. Kusema hivyo hakumtoi lawamani mtoro. Kunaeleza tu kwa nini hata mwaminifu hakubadilika.

Sehemu ya pili ya utafiti uleule inaunga mkono usomaji huu. Katika shule 121 zilizopata mkondo wa pili, nusu ziliwagawa watoto kwa bahati nasibu na nusu ziliwagawa kwa kiwango walichokuwa wamefikia. Idadi ilikuwa sawa pande zote. Zilizogawa kwa kiwango zilipata matokeo bora zaidi, kwa watoto waliokuwa mbele na kwa waliokuwa nyuma. Mwalimu mwenye watoto walio karibu na hatua moja anajua aanzie wapi.

India ilionyesha kitu kilekile kwa njia nyingine. Mapema miaka ya 2000, shirika la Pratham liliweka katika shule za Mumbai na Vadodara wasichana wa mtaani waliosoma sekondari. Waliwatoa darasani watoto 15 hadi 20 waliobaki nyuma, kwa saa mbili kila siku, wakawafundisha misingi. Watoto waliotolewa walipiga hatua kubwa. Waliobaki na mwalimu, ambao darasa lao sasa lilikuwa dogo kwa watoto wale 15 au 20, hawakupata nyongeza yoyote ya maana. Msichana asiye na cheti akiwa na watoto 20 wa hatua moja alifanya ambacho mwalimu mwenye cheti hakukifanya alipopunguziwa darasa bila kubadili somo.

Basi kazi ya ukubwa wa darasa ni ipi hasa? Mwanauchumi Edward Lazear aliieleza kwa hesabu ninayopenda kuwaonyesha wanachuo wangu wa ualimu. Tuseme kila mtoto hutulia kwa asilimia 99 ya muda, na mmoja akivuruga, somo husimama kwa wote. Darasa la watoto 25 litakuwa na utulivu kwa asilimia 78 ya kipindi. La 45 litapata asilimia 64. La 100 litapata asilimia 37 tu. Sasa wafundishe watoto hao 100 mazoea mema hadi kila mmoja atulie kwa asilimia 99.5 ya muda, na utulivu utapanda hadi asilimia 61, karibu sawa na darasa la 50 la watoto wa mwanzo. Ndiyo maana Japani iliweza kwa miongo mingi kufundisha vizuri madarasa yenye ukomo wa watoto 40, na bado mwaka 2021 ikaamua kuushusha ukomo huo hadi 35 kwa shule za msingi. Hesabu hii inasema pia kwamba mtoto wa miaka sita, ambaye bado hajajifunza kukaa, kusubiri zamu na kushika penseli, ndiye anayehitaji darasa dogo kuliko wote. Ratiba zetu zimefanya kinyume chake.

Kuna pia jambo ambalo hesabu ya utulivu hailigusi. Kabla sijahamia chuoni nilifundisha darasa la kwanza lenye watoto 112 katika shule moja ya Kanda ya Ziwa. Asubuhi moja ya mwezi Machi mvua ilinyesha tangu alfajiri na kijito kikajaa. Walifika watoto 31. Sikuweza kuendelea na somo jipya, nikawaita mmoja mmoja mezani wasome ukurasa tuliokuwa nao. Mvulana niliyempa alama nzuri kila wiki, aliyekuwa akiitikia kwa sauti kuliko wote, hakuweza kuitambua hata herufi moja nje ya mpangilio wa wimbo. Msichana wa dawati la nyuma, niliyemhesabu kuwa mzito kwa sababu hakuwahi kufungua kinywa, alisoma ukurasa wote, kisha akaufunua unaofuata bila kuambiwa. Nilikuwa nimekaa nao miezi miwili. Ninachokijua kuhusu msongamano nilijifunza siku ile: darasa la 112 lilikuwa limenifanya kipofu, na ratiba yangu, vifaa vyangu na bidii yangu havikutosha kuniondolea upofu huo. Kilichonifumbua ni siku moja yenye watoto 31 pamoja na uamuzi wa kuwaita mezani. Vyote viwili. Kama ningewaimbisha hao 31, jioni ningerudi nyumbani nikiwa na imani yangu ileile kuhusu wale wawili.

Kusahihisha nako ni vilevile. Madaftari 100 kwa dakika moja kila moja ni saa 1 na dakika 40, kwa somo moja. Mwalimu huishia kuweka vema na tarehe, au kumpa kiranja asahihishe. Kosa la mtoto, ambalo ndiyo habari muhimu kuliko zote ambazo mwalimu anaweza kuzipata, linapita bila kusomwa.

Watu wa pwani wanaijua njia nyingine, nami nashangaa vyuo vyetu vya ualimu haviitaji. Katika chuo cha Kurani mwalimu mmoja huweza kukaa na watoto wengi wa rika tofauti katika ukumbi mmoja, na bado kila mtoto ana mahali pake: huyu yuko kwenye herufi, yule ameanza Juzuu Amma, mwingine ameshavuka. Wakubwa huwafundisha wadogo, na kila mtoto hufika mbele ya mwalimu kusoma alipofikia, na akikosea hurudi kujifunza mpaka apate. Inaweza kusemwa kwamba lengo pale ni kutamka sawasawa kabla ya kuelewa, na ni kweli. Lakini kanuni ya kwamba hakuna anayepanda ngazi pasipo kusikilizwa peke yake ni kanuni ya ualimu, na imeishi kwetu karne nyingi katika mazingira ya watoto wengi na mwalimu mmoja. Shule ya Serikali iliichukua kwaya ikaiacha kanuni hiyo.

Sasa nirudi kwenye sentensi ya "hao bado wadogo." Kwa nini shule inayojua kwamba darasa la kwanza limefurika inampangia darasa hilo mwalimu mmoja, mara nyingi mgeni au aliyekosa wa kumtetea, na kuwaweka walimu wake wanne bora darasa la saba? Kwa sababu shule hupimwa darasa la saba. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilianza kupangwa hadharani kwa mtihani huo. Utafiti wa Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin ulionyesha kwamba shule zilizoshika mkia katika wilaya zao ziliongeza ufaulu, na zilipunguza idadi ya watahiniwa. Mwalimu mkuu alifanya alichoombwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza watoto wangapi wa darasa la pili wanasoma aya moja kwa ufasaha, na kwa hiyo mtoto anayeshindwa darasa la pili huendelea kushindwa kimyakimya hadi darasa la saba, ambako hutafutiwa masomo ya ziada ya jioni, au hutafutiwa sababu ya kutokufanya mtihani.

Uamuzi wangu, basi, ni kwamba ukomo wa watoto 45 utekelezwe kwa ukali darasa la kwanza na la pili kabla ya kwingine, hata kama darasa la tano na la sita yatabaki na 70 au 80 kwa miaka kadhaa. Najua hilo ni gumu kulimeza. Mzazi wa darasa la sita atauliza mwanawe amekosa nini, na ana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba mtoto anayejua kusoma anaweza kujifunza akiwa kati ya 80 endapo ana kitabu mkononi, na asiyejua kusoma hajifunzi hata akiwa kati ya 30 kwenye somo lililoandikwa. Mtaala wenyewe umeshakiri hivyo: darasa la kwanza na la pili yametengewa sehemu kubwa ya muda kwa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Umebaki mgawanyo wa walimu kuukiri.

Ukomo peke yake hautoshi, kwa sababu zilezile za Bungoma. Jaribio la KiuFunza lililofanyika katika shule 350 za wilaya 10 za Tanzania mwaka 2013 na 2014 lilitoa fundisho lililo pacha wake: shule zilizopewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi bila kingine hazikuongeza ujifunzaji, na zilizopewa ruzuku pamoja na motisha kwa walimu kulingana na watoto waliomudu stadi ziliongeza kwa kiasi kinachoonekana. Kitu kikitolewa peke yake hupotelea mchangani. Kwa darasa dogo, mwenzi wake ni utaratibu wa kumsikiliza kila mtoto, unaoandikwa na kukaguliwa. Mwalimu mkuu angekagua daftari hilo kama anavyokagua andalio la somo, na mthibiti ubora angeliomba kabla ya kuomba kitu kingine chochote.

Kuhusu kuwagawa watoto kwa kiwango, nina woga. Mkondo wa "wazito" ukidumu mwaka mzima mtoto hulivaa jina hilo, na mwalimu pia humvika. Ningependa ugawaji wa saa moja tu kwa siku, kwa ajili ya kusoma, unaopangwa upya kila baada ya wiki chache, ili aliyeimarika asibaki alipoachwa. Hilo halihitaji vyumba vipya.

Wengi husema bila vyumba vipya hakuna linalowezekana. Mwaka uliopita nilikwenda kukagua wanachuo wangu walio kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule isiyo na chumba cha ziada na yenye watoto zaidi ya 90 wa darasa la kwanza. Mwalimu mkuu, mama aliyebakiza miaka miwili kustaafu, alikuwa amemtoa mwalimu mmoja darasa la saba, akampa darasa la kwanza. Watoto waligawanywa kwa zamu: nusu waliingia asubuhi, nusu baada ya wenzao kutoka, chumba kilekile. Wazazi wa darasa la saba walilalamika kwenye mkutano, naye akawaambia kwamba wadogo wa watoto hao wako darasa la kwanza.

Mwalimu yule mpya alikuwa na daftari kubwa lenye majina yote. Nilipolifungua mwishoni mwa mwezi, mbele ya kila jina palikuwa na tarehe ya mwisho mtoto alipomsomea, na silabi au neno alipoishia. Majina manne hayakuwa na tarehe ya mwezi ule. Nikamuuliza. Aliwataja wote wanne bila kutazama karatasi, akasema wawili wanaishi ng'ambo ya mto, mmoja amefiwa na bibi, na wa nne yuko darasani lakini anamwogopa yeye mwalimu, hivyo yeye humsikiliza kwa siri mtoto akimsomea dada yake wakati wa uji.